Somo la Saba

Chumba changu kiko juu ya kinu cha posho, Nyalenda.
Kinu kikisaga, meza hutetemeka,
na herufi nazo naona zikitetemeka
kumbe ni macho.

Hapa ndipo ninapoyapanga masomo.
La kwanza: andika jina lako, ulione likikuitikia.
La pili: kigeu, yaani mkebe wenye lebo, utie unachotaka.
La tatu nililihamisha mara tano,
likawa la sita, likarudi,
kama mgeni asiyejua aketi wapi.
Kila somo lina kidirisha chake: andika, bonyeza,
jibu litoke papo hapo,
hata kwa simu ya kioo kilichopasuka,
hata kwa bando la shilingi ishirini.
Rading' ndiye wa seva. Mimi ndimi wa maneno.
Nilikataa mashine imwambie mtu "batili."
Niliandika: "Umesahau kufunga mabano. Tazama mstari wa tatu."

Usiku sami hupanda kutoka ziwani kufuata mwanga.
Nusu saa nzima nilisaka kosa,
nukta iliyozidi mwishoni mwa mstari;
nikanyosha kidole niifute, ikaruka.

Halafu kulikuwa na Mmbone, wa Chavakali.
Simjui sura; namjua kwa nyayo.
Masomo sita kwa siku nne,
akikosea mara moja, mara ya pili akipata.
La saba alilifungua sekunde kumi na moja, akatoka.
Kesho yake, sekunde tisa.
Jumapili, watu wakishatoka kanisani, sekunde nne.

Nikasema somo ni zito. Nikalipunguza.
Nikasema picha zinakula bando. Nikazitoa.
Nikasema mfano ni mkavu, nani ana haja
ya kuhesabu moja hadi kumi?
"Ni mtu mmoja," akasema Rading'. "Wengine wamepita."
Lakini kizingiti kikimkwaza mmoja,
nani ajuaye wangapi waligeukia njiani?

Nikamwandikia. Alijibu siku ya tatu,
mstari mmoja, bila herufi kubwa:
"ni lile neno la juu. kaka yangu kidaha, mwaka juzi, mparachichi wa nyuma ya nyumba"

Nikalitazama lile neno la juu.

Kitanzi.

Nililichagua mwenyewe, tena nikajisifu:
fupi, letu, si la kukopa,
kamba inayorudi ilikotoka.
Nililipaka rangi ya chungwa. Nililikoleza wino.

Kinu kilikuwa kimenyamaza. Stima nayo ikapotea,
nikabaki na betri ya asilimia kumi na nane
na neno lililokaa mahali sitini na tatu:
kwenye vichwa, kwenye maelezo, kwenye mazoezi,
hata kwenye utani niliouweka kuchangamsha watu.
Kompyuta ingeliondoa lote kwa mpigo mmoja.
Sikutaka. Nililitoa moja moja,
kama mtu anayefungua mafundo gizani.

Nikaweka mzunguko.
Neno la akina mama wa chama, siku ya Alhamisi,
juu ya viti vya plastiki: leo zamu ya huyu,
wiki ijayo ya yule, na daftari halifungwi
hadi kila mmoja awe amepokea.
Kwa kila mwanachama: mpe, andika, nenda kwa afuataye.
Akiisha wa mwisho, simama.
Kusimama nako ni sehemu ya somo;
usipokuandika, mashine haitajua.

Mmbone aliingia Jumatano usiku.
Sekunde kumi na moja. Ishirini. Dakika tatu.
Kosa. Kosa. Mabano.
Kisha majina yakashuka, aliyoyatia yeye mwenyewe:

Vugutsa amepokea.
Kageha amepokea.
Kidaha amepokea.

Chini yake, weupe. Programu imesimama salama.

Huwa tunarusha fataki za rangi mtu akimaliza;
kwa somo hilo nilikuwa nimezizima.
La nane bado halina jina.
Rading' anauliza. Kinu kinaanza kusaga.